Mji wa Hirogawa na Tuta Lake la Udongo

Leo nimekusudia kuwapeni habari za mji mdogo wa nchi ya Japani uitwao Hirogawa. Watu wake hawafiki 8,000, wala hauna majumba makubwa ya kuwashangaza wageni. Lakini watu wa mji huu wana desturi moja ambayo ingefaa ijulikane na kila mtu anayekaa karibu na maji makubwa. Kila mwaka, katika mwezi wa Novemba, watoto wa shule huchukua udongo na kuutia juu ya tuta la zamani lililo karibu na bahari. Mtu asiyejua maana yake aweza kudhani ni mchezo, kwa kuwa udongo wa mtoto mmoja hauongezi kitu kinachoonekana. Basi sikilizeni asili ya desturi hiyo.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Japani ni nchi ya visiwa, na kisiwa kilicho kikubwa kupita vyote ni Honshu. Upande wa kusini wa Honshu iko rasi kubwa yenye milima na misitu minene, nayo huitwa Kii. Upande wa magharibi wa rasi hiyo ndiko liliko jimbo la Wakayama, na katika pwani ya Wakayama ndimo ulimo mji wetu, ukielekea mlango wa bahari unaotenga Honshu na kisiwa cha Shikoku. Jina la Hirogawa maana yake ni mto mpana, na kweli mto wa Hiro hutoka milimani ukapita katikati ya nchi hata kuingia katika ghuba ya Yuasa.

Eneo la mji lapata kilometa 65 za mraba, lakini sehemu kubwa ni vilima na msitu. Nchi tambarare ni kidogo, nayo iko karibu na bahari. Huko ndiko walikojenga watu wengi na kulima mpunga. Katika miteremko ya vilima wamekata ngazi za ardhi na kupanda machenza, maana upande huo wote wa Arida una sifa katika Japani nzima kwa machenza yake matamu. Wengine ni wavuvi. Juu milimani hupita njia ya kale ya mahujaji waendao mahali patakatifu pa Kumano, na mwanzoni mwa Juni watu hutoka usiku kwenda kando ya mto kutazama vimulimuli. Mji kwa jina lake la sasa ulianza mwaka wa 1955, mji wa Hiro ulipounganishwa na vijiji viwili vya jirani; lakini Hiro yenyewe ni ya zamani sana.

Mahali hapa ni pazuri, lakini uzuri wake umechanganyika na hatari. Mdomo wa ghuba ni mpana, na kadiri uingiavyo ndani ndivyo inavyozidi kuwa nyembamba, mfano wa faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Wimbi likiingia kwa nguvu, maji hubanwa pande zote mbili, na kwa kuwa hayana nafasi ya kupita, huinuka juu. Tena mbele ya pwani ile, chini ya bahari kuu, gamba la dunia limegawanyika vipande viwili, na kimoja huingia chini ya mwenziwe polepole, sentimita chache tu kwa mwaka. Kile cha juu huvutwa na kupindika, kama fimbo mbichi ipindwavyo na mtoto. Siku fimbo ikimponyoka mkononi hurudi kwa kishindo. Ndivyo na gamba la dunia linavyofanya. Nchi hutetemeka, bahari husukumwa, na wimbi kuu huja pwani. Wimbi hilo Wajapani huliita tsunami.

Angalieni sana hesabu ya miaka, maana ndani yake mna shida kubwa ya watu hawa. Mwaka wa 1707 wimbi kuu liliivunja Hiro, likachukua mamia ya nyumba na kuua watu karibu 200. Lililofuata lilikuja mwaka wa 1854, yaani baada ya miaka 147. Na lililofuata hilo lilikuja mwaka wa 1946, baada ya miaka 92. Mtu aliyekuwa kijana wakati wa wimbi la kwanza alikuwa kaburini zamani wakati wa wimbi la pili, naye mwanawe kadhalika. Simba akivamia kijiji kila mwaka, watu hawasahau kufunga zizi. Lakini adui ajaye mara moja katika miaka mia, nani atamkumbuka? Baba hufa, mjukuu hujenga nyumba palepale ilipozama ya babu, naye hulala bila wasiwasi.

Sasa tuje kwenye habari za mwaka wa 1854. Wakati ule alikuwako Hiro mtu mmoja jina lake Hamaguchi Goryo. Alizaliwa Hiro mwaka wa 1820, na jamaa yake walikuwa matajiri, kwa kuwa walikuwa na kiwanda cha kutengeneza mchuzi wa soya katika mji wa Choshi, mbali upande wa mashariki. Mchuzi huu ni maji meusi yenye chumvi ambayo Wajapani hutia karibu katika kila chakula, na ufundi wake umesifiwa tangu kale huko Yuasa, mji ulio jirani na Hiro. Hamaguchi alikuwa akienda na kurudi kati ya biashara yake na kijiji chake. Mwaka wa 1852 yeye na wenzake walianzisha shule kijijini ili vijana wapate elimu. Shule zilizotokana na hiyo zingaliko hata leo, na jina lake ni Taikyu.

Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 1854 nchi ilitetemeka kwa nguvu. Watu wa Hiro wakaogopa bahari, wakawapeleka wazee na watoto mahali palipoinuka, penye hekalu la Hachiman. Bahari ikatulia, na kesho yake watu wakarudi makwao. Siku hiyo ya pili wakulima wawili wakaja kwa Hamaguchi, wakamwambia ya kuwa maji ya visima yamepungua mno. Yapata saa kumi jioni likaja tetemeko la pili, kali kuliko la kwanza. Mapaa yakaanguka, vumbi likafunika kijiji, na kutoka baharini kukasikika mshindo kama wa mizinga. Kisha maji yakaja. Hamaguchi mwenyewe alikuwa akiwahimiza watu wakimbie, wimbi likamkuta na kumzungusha, naye akaponea chupuchupu kwa kufika mahali pa juu.

Giza likaingia. Watu wengi walikuwa wametawanyika katika mashamba, wengine wamelowa, wengine wamejeruhiwa, wala hawakujua njia ya kwenda juu ni ipi. Hamaguchi akawachukua vijana kadhaa wenye mienge, wakashuka kuwatafuta. Lakini njia zilikuwa zimezibwa na mbao na magogo, wakashindwa kuendelea. Kando ya njia palikuwa na malundo ya mabua ya mpunga, kama wakulima wa kule wanavyoyaweka baada ya mavuno. Akaamuru yatiwe moto, lundo baada ya lundo. Waliokuwa wamepotea gizani wakauona ule mstari wa moto, wakaufuata, wakafika hekaluni. Baadaye kidogo likaja wimbi kubwa kuliko yote yaliyotangulia, likayazoa hata yale malundo yaliyokuwa yakiwaka. Usiku ule zaidi ya nyumba 120 zilichukuliwa na maji, na nyingine nyingi zikaharibika. Lakini watu waliokufa katika kijiji hicho cha watu zaidi ya elfu moja hawakufika 40.

Nitasimama hapa kidogo, maana habari hii imesimuliwa duniani kwa namna nyingine. Mwaka wa 1897 mwandishi Lafcadio Hearn, aliyekuwa akikaa Japani, aliandika kisa cha mzee tajiri aliyekaa mlimani, akaona bahari ikirudi nyuma, akachoma mavuno yake yote ya mpunga ili watu wapande mbio kuja kuzima moto, na kwa hiyo wakaokoka. Baadaye Nakai Tsunezo, mwalimu wa shule, mwenyeji wa Yuasa, alikiandika kisa hicho kwa lugha nyepesi ya watoto, na tangu mwaka wa 1937 hata 1947 kilikuwamo katika kitabu cha kusomea cha shule zote za Japani. Kisa ni kizuri, nacho kimefundisha watoto wengi wathamini uhai kuliko mali. Ila Hamaguchi wa kweli alikuwa na umri wa miaka 34, hakuwa mzee. Tena aliwasha moto baada ya maji kuja, ili awaongoze waliopotea. Na jambo lake lililo kubwa kupita moto ule halimo katika kisa. Ndilo nitakalolieleza sasa.

Asubuhi watu waliteremka wakakuta kijiji kimekuwa jaa la mbao na matope. Usiku uleule Hamaguchi alikuwa amekwisha kwenda kukopa mchele ili watu wapate kula. Siku zilizofuata akatoa fedha zake, akajenga nyumba 50 za wasio na makao, akawapa wakulima majembe na wavuvi mashua na nyavu. Lakini aliona jambo lililomtia hofu kuliko njaa. Watu walikuwa wamekata tamaa. Wengi walisema kwamba heri kuhama, maana hata wakijenga tena bahari itarudi. Tena aliyelishwa kila siku bila kazi huanza kuyategemea mikono ya mwingine, na fedha ya sadaka, hata ikiwa nyingi, ina mwisho wake.

Hapo ndipo alipokusudia kujenga tuta. Katika mwezi wa Februari 1855 kazi ikaanza. Kila aliyekuja kuchimba, kubeba au kushindilia udongo alilipwa ujira wake siku ile ile. Kwa njia hiyo mtu aliyepoteza nyumba alipata chakula kwa jasho lake, na kila jioni alipokwenda kulala aliliona tuta limepanda kidogo, akapata sababu ya kukaa. Mwaka huohuo tetemeko kubwa likaupiga mji wa Edo, ambao sasa huitwa Tokyo, na biashara ya jamaa ya Hamaguchi ikapata hasara; lakini kazi haikuachwa. Ilichukua karibu miaka minne, na hesabu ya siku za watu waliofanya kazi ilizidi 56,000.

Tuta lilipokwisha mwaka wa 1858 lilikuwa na urefu wa meta 600 hivi, kimo cha meta 5, na upana wa meta 20 pale chini. Wafikirieni watu wazima watatu, mmoja amesimama juu ya mabega ya mwenziwe. Hicho ndicho kimo chake. Mbele yake, upande wa bahari, palikuwa na ukuta wa mawe wa karne nyingi zilizopita, na kati yake na tuta walipanda misonobari, ili mizizi ishike udongo na mashina yavunje nguvu za wimbi na kuzuia mashua zisirushwe juu ya nyumba. Upande wa bara walipanda miti itoayo nta ya kutengenezea mishumaa, ili tuta lipate kulipia matunzo yake lenyewe. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu kitu kisichokuwa na faida katika siku za amani watu hukiacha kiharibike.

Wenyeji walitaka kumjengea Hamaguchi hekalu na kumheshimu kama mungu. Yeye akakataa kabisa. Baadaye alipata vyeo vikubwa: mwaka wa 1871 aliwekwa kuwa mkuu wa posta ya Japani, kisha akawa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la jimbo la Wakayama. Alifariki mwaka wa 1885 katika safari, huko New York, Marekani.

Tuta likakaa. Miaka ikapita, watoto wakacheza juu yake, na bila shaka wako waliosema kwamba limekula ardhi ya bure. Ndipo tarehe 21 Desemba 1946, saa kumi na dakika 19 za alfajiri, nchi ikatetemeka tena, na mawimbi ya kimo cha meta 4 hivi yakaingia ghubani. Hamaguchi alikuwa amekufa zaidi ya miaka 60. Wengi wa waliobeba udongo kwa ujira wake walikuwa wamekufa pia. Lakini udongo wao ulisimama, na sehemu kubwa ya mji ikasalimika nyuma yake. Hata hivyo watu 22 walikufa, nao walikuwa upande ule ambao tuta halikuufikia, karibu na mdomo wa kijito, mahali palipojengwa baadaye. Maji hayana huruma kwa mahali palipoachwa wazi.

Sasa mtafahamu maana ya watoto na udongo wao. Mwaka wa 1903, karibu miaka 50 baada ya wimbi la Hamaguchi, watu wa Hiro walianza kukumbuka siku ile kwa kupeleka udongo tutani. Desturi hiyo ikawa sikukuu ya kila mwaka, nayo inaendelea hata leo. Watoto wa shule hubeba udongo, hupanda tutani, huumwaga, kisha huwakumbuka waliokufa na walioacha kazi hii kuwa urithi. Tena iko sikukuu nyingine ambayo watu hutembea na mienge usiku mpaka hekalu la Hachiman, kwa njia ya kukimbilia wakati wa hatari. Mtoto aliyekwenda njia ile kila mwaka tangu utoto wake, miguu yake inaijua hata gizani.

Ndugu zangu, hapo ndipo hekima ya mji huu ilipo. Waliona ya kuwa maneno peke yake husahauliwa, na mawe yenye maandishi huota majani. Kwa hiyo kumbukumbu yao wameitia katika kazi ya mikono. Hesabu kati ya wimbi na wimbi ni miaka mia hivi au zaidi, lakini kati ya udongo na udongo ni mwaka mmoja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika Hirogawa kibaba kinachojazwa ni akili za watoto kuliko lile tuta.

Wala watu wa Hirogawa hawadanganyiki kwamba tuta litawaokoa siku zote. Tarehe 11 Machi 2011 wimbi kuu lilipiga pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, na watu karibu 20,000 walikufa au kupotea. Liko hata mahali ambapo ukuta wa meta 10 ulipitwa na maji. Wataalamu wanasema wimbi lijalo la upande wa Kii laweza kuzidi kimo cha tuta la Hamaguchi. Basi watoto hufundishwa kwamba tuta huwapa nafasi ya kukimbia, na kukimbia ni lazima. Mwaka wa 2007 ilifunguliwa Hirogawa nyumba ya mafundisho na ukumbusho wa Hamaguchi, na mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 5 Novemba kuwa siku ya dunia nzima ya kujihadhari na tsunami. Tarehe hiyo imetokana na kalenda ya kale ya Wajapani, ambayo kwayo wimbi la 1854 lilikuja siku ya tano ya mwezi wa kumi na moja.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea karibu na kisiwa cha Sumatra lilituma mawimbi yakavuka bahari yote ya Hindi mpaka pwani yetu ya Afrika. Sisi huku hatukusikia nchi ikitetemeka, lakini baada ya saa kadhaa maji yalifika. Huko Somalia walikufa watu karibu 300, na wengine wakafa Tanzania na Kenya. Huko Mombasa watu waliambiwa mapema watoke ufukoni, na jambo hilo liliokoa roho nyingi. Basi mtu wa pwani na akumbuke haya: ukiona bahari imekupwa ghafula si kwa saa yake, usishuke kuokota samaki, panda juu, na uwaite wenzako. Wala usirudi baada ya wimbi la kwanza, maana huenda la pili likawa kubwa zaidi, kama lilivyokuwa Hiro.

Nanyi mkaao bara, mna mito inayofurika, mna vilima vinavyoporomoka, mna miaka ya ukame. Ninyi wanafunzi, nawapa kazi. Mwendeeni babu au bibi, mkamwulize kwa adabu: mafuriko makubwa yalikuja mwaka gani, nayo yalifika mpaka wapi? Nani alijenga pale kabla yake, na kwa nini alihama? Yaandikeni majibu katika daftari ya shule. Kisha ninyi na wazee wenu mchague kazi moja ndogo ya kufanywa kila mwaka siku ile ile: kusafisha mfereji, kupanda miti ukingoni mwa mto, au kutembea pamoja katika njia ya kukimbilia. Kazi ya namna hiyo haihitaji tajiri wala serikali. Yahitaji watu wasiochoka kurudia jambo lile lile kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.